Mwanafunzi wangu anaita abiria katikati ya somo. Walimu wa Kanda ya Ziwa, naombeni mawazo

Chaki Nyeupe

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka anisamehe, lakini jambo hili limenikaa moyoni na walimu wenzangu ofisini wameshachoka kunisikiliza.

Nafundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi wilayani Ilemela, Mwanza, huku juu kwenye mawe. Dirisha la darasa linatazama ziwa. Nina watoto 87, madawati ya watatu wanakaa wanne, na mstari wa nyuma kabisa yupo mtoto ambaye wenzake wanamwita Konda. Jina lake halisi nalihifadhi.

Konda ni mdogo wa umbo, shati limebaki na vifungo viwili, ila sauti ni ya mtu mzima. Nikigeuka tu kuandika ubaoni, nasikia nyuma yangu: “Mabatini, Buzuruga, Nyakato, Igoma, Kisesaaa! Wawili wa haraka, wawili!” Halafu anapiga dawati kwa kiganja mara mbili, vilevile konda anavyogonga bodi ya Hiace. Nikigeuka, darasa zima limeinamia madaftari, mabega tu ndiyo yanatikisika.

Mtoto akichelewa na kusimama mlangoni, Konda anamkaribisha: “Ingia mkubwa, siti ipo! Sogeeni huko, wannewanne!” Na kweli wanasogea. Nikimwita mtu ubaoni afanye swali, akimaliza na kurudi kukaa, utasikia kwa sauti ya chini, “Shusha.”

Kuna siku mwalimu mkuu alikuwa anapita varandani na mthibiti ubora wa shule. Konda akanong'ona, “Trafiki huyo, inameni!” Mistari miwili ya nyuma ikazama chini ya madawati kwa mpigo mmoja. Mgeni akachungulia, akaona darasa la watoto kama 60, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaendelea na safari. Nilihesabu mpaka kumi ndipo nikaweza kuendelea na somo bila kucheka.

Nilianza na yale tunayoyajua wote. Nikamkemea. Nikampigisha magoti mbele ya darasa, kumbe nimempa jukwaa. Nikamtoa nje, akasimama dirishani akawa anaita abiria wa darasa la pili waliokuwa wanakwenda chooni, na wawili wakaja kweli. Nikamhamishia dawati la mbele, sauti ikawa inasikika vizuri zaidi.

Ndipo nikaamua wiki moja nzima nisimkasirikie, niwe naandika tu. Nyuma ya daftari langu la maandalio nikachora jedwali: siku, kipindi, amesema nini, na wakati huo tulikuwa tunafanya nini. Wiki ilipoisha nilikuwa na mara 11. Mara mbili ni watoto waliochelewa. Mara tisa zote ni kipindi cha Kiswahili, wakati wa kusoma kwa zamu, na kila mara zamu ilikuwa imebakiza madawati mawili au matatu kumfikia. Hisabati hakuna hata mara moja. Na kwa kuwa darasa likishacheka mimi hutumia dakika tano kulituliza, kengele ilikuwa inalia kabla zamu yake haijafika. Sikumbuki siku niliyomsikia akisoma.

Mapumziko ya saa nne nikakaa naye kwenye jiwe nyuma ya ofisi, nikampa kitabu. Akasoma aya nzima bila kukwama, kidole kinafuata mistari. Ila kidole kilifika mwisho wa aya na sauti bado ina sentensi moja nzima. Nikamfunulia ukurasa ambao hatujawahi kuufika. Akanyamaza. Akafikicha macho, akasema, “Mwalimu, leo macho yananiwasha.”

Mtoto hajui kusoma, wakuu. Yuko darasa la nne, mwaka huu anafanya Upimaji wa Kitaifa, na alipita la kwanza na la pili katika miaka hii ambayo mkazo wote ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Amefika hapa kwa masikio. Anasikiliza wenzake wakisoma jana, leo anarudia neno kwa neno. Jumamosi yuko kituoni na mjomba wake anapiga debe, hesabu ya abiria na chenji anaitoa kichwani kabla wenzake hawajashika kalamu.

Sasa ninaogopa mambo mawili. La kwanza, nikimwita mbele kumfundisha silabi, darasa litajua, na jina la Konda litageuzwa kuwa tusi. La pili, ile sauti sitaki kuizima. Siku asipokuja, darasa langu linapoa. Nimfanyeje?

Mzee wa Visiwani

Binti, umefanya vizuri kuandika kwanza. Nimefundisha miaka 31, mingi Ukerewe, na nakwambia kicheko cha mtoto kina ratiba yake.

Nilikuwa na kijana darasa la sita anasinzia. Siyo kusinzia kwa uvivu, analala kabisa na kichwa kwenye dawati. Siku moja nafundisha Maarifa ya Jamii, kimya kimetanda, kijana akapiga kelele usingizini, “Vutaaa!” Na watoto wa mvuvi unawajua, darasa zima likaitikia, “Haya vuta!” na mikono ikaanza kuvuta wavu hewani. Nami nilishika fimbo siku hiyo, sifichi.

Jioni nikateremka mwaloni, kule wavuvi wanakoegesha mitumbwi. Kumbe dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zinawashwa juu ya maji ndipo wanakusanyika. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haifanyi kazi na mitumbwi inapumzika. Nikarudi kwenye daftari la mahudhurio nikalilinganisha na mwezi. Siku zake zote za kulala na kukosa shule zilikuwa za giza. Tangu hapo mazoezi mazito nilikuwa nayaweka wiki ya mbalamwezi. Nikaongea na baba yake pia, si mara moja, ni mara nne, mpaka tukakubaliana mtoto asiingie majini siku za shule. Mara ya tatu alinifukuza. Mara ya nne alinipa sato mmoja na kiti.

Kwa hiyo kwa huyo wako, nenda kamwone mjomba wake.

Mama wa Buhongwa

Samahanini, mimi si mwalimu ni mzazi, lakini naona mnawadekeza. Mtoto anamwita mthibiti ubora trafiki na mwalimu anahesabu mpaka kumi asicheke? Sisi tulichapwa, na leo tunasoma na kuandika. Wakimwona huyo anaachwa, kesho watakuwa makonda kumi. Wenzake 86 nao wana haki ya kusoma. Mkono wa mzazi na mwalimu ukilegea, dunia itamfunza kwa namna mbaya zaidi.

Rula ya Mbao

Mama, nakuheshimu, na hoja ya wale 86 ni ya kweli, tusiiruke. Lakini kuhusu fimbo tuweke sawa kwanza, maana wazazi wengi hawaambiwi. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko ni kwa makosa makubwa ya utovu wa nidhamu, visizidi vinne, na anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Vinaandikwa kwenye kitabu: nani kachapwa, kwa kosa gani, vingapi. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Mwalimu anayeingia darasani na fimbo kwapani na kugawa kila anayecheka yuko nje ya kanuni, hata kama mzazi amempa ruhusa getini.

Na sisi wa huku ziwani hatuna haki ya kusahau. Agosti 2018, Bukoba, mtoto wa darasa la tano alipoteza maisha baada ya kupigwa na mwalimu. Mimi nilikuwa kazini mwaka huo. Kesho yake niliweka fimbo yangu juu ya kabati la ofisi na sijaishusha.

Halafu fikiria huyu mtoto mwenyewe. Akichapwa kwa sababu ya kuita abiria, atakuwa ameepa kusoma kwa bei ya viboko viwili. Kwake hiyo ni nauli nafuu.

Senene wa Novemba

Niongeze la Bukoba lenye furaha, maana uzi umekuwa mzito. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, mwezi wa kumi na moja, kijana wangu wa la tano alikuja na chupa ya maji ya lita moja na nusu imejaa, amewakusanya alfajiri chini ya taa za barabarani. Somo la Hisabati, kugawanya kwa tarakimu mbili, watoto wamekwama, nami nimekwama nao. Kizibo kikafunguka. Kilifunguka au kilifunguliwa, mpaka leo hajasema.

Mnaowajua senene mnaelewa. Hakuna mtoto wa Kihaya anayeweza kukaa kitini senene anatua kwenye daftari lake. Nikaona nikipiga kelele nitapoteza kipindi na heshima. Nikasema, “Dakika tatu, kila mmoja akamate anaowaweza, halafu kaeni.” Walipokaa tukahesabu kila dawati, tukajumlisha, tukapata 312. Watoto walikuwa 52. Mwenye chupa nikamwita ubaoni: kila mtu anapata wangapi? Aligawanya jasho likimtoka, akapata sita, darasa likapiga makofi.

Kisha wote 312 wakarudi kwenye chupa, kwa sababu alikuwa anawapeleka kwa mama yake kuuza na nilijua ile ni hela ya daftari. Hapo ndipo palinigusa: alikuwa amevunja kizuizi cha lile somo gumu kwa mali yake mwenyewe.

Ndimi Mbili

Mimi ni mtu wa Lindi, nilipangiwa Magu. Mwezi wa kwanza kila nikiingia darasani watoto wanasimama, “Shikamoo mwalimu,” halafu sauti moja inamalizia kwa Kisukuma na wote wanaangua kicheko. Sikuelewa neno hata moja. Unaweza kukosa usingizi kwa kicheko usichokielewa.

Nikamkamata mhusika, nikamwambia adhabu yako ni kila Ijumaa dakika tano za mwisho unanifundisha mimi Kisukuma mbele ya wote, na ukinifundisha vibaya wenzako watakusahihisha. Wiki ya kwanza alijikunja kwa aibu. Wiki ya pili alikuja na kipande cha chaki chake mwenyewe. Nilipoweza kujibu “wabeja” bila kukosea, yule mtoto alinipa tiki ubaoni, kubwa, kama ninazowapa mimi. Na zile kejeli zikaisha bila mtu kuzikataza.

Kiranja Mstaafu

Hapo kwenye kupewa tiki umenikumbusha. Nyote mnazijua zile karatasi za wapiga kelele, jina na alama za kuzidisha pembeni. Nilitoka darasani kupokea simu, nikasimama hapohapo chini ya dirisha, nikaongea sana, ilikuwa habari ya msiba nyumbani. Nimerudi, kiranja ananikabidhi orodha. Namba tatu: “Mwalimu x x x x.” Darasa limeshika pumzi.

Nilimwangalia yule binti, midomo inamtetemeka lakini hakuondoa macho. Alikuwa ameandika kweli. Nikachukua ufagio, nikafagia darasa pamoja na wale wengine wawili walioandikwa. Hakuna aliyecheka. Mwaka ule sikupata tena shida ya orodha za kuonea, zile za kuandikana kwa sababu ya kunyimana karanga.

Bi Silabi

Chaki Nyeupe, mimi nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote, acha nikujibu swali lako lenyewe.

Mtoto wako ana kitabu tayari, ni ruti. Kata maboksi, andika vituo vyake kwa herufi kubwa kama vilivyo kwenye daladala. Anza na Igoma na Kisesa kwa sababu ni silabi nyepesi, irabu peke yake au konsonanti moja na irabu moja. I-GO-MA. KI-SE-SA. Mwambie akate kwa mkasi mwenyewe. Kwa silabi hizo sita tu anaweza kupanga goma, kisa, kima, sema, sasa. Mwache ashangae. Kisha Mabatini, Buzuruga. Akizoea ndipo umlete Nyakato, aone N na Y zinavyotembea pamoja, halafu Mkuyuni yenye M iliyosimama peke yake. Buhongwa iwe ya mwisho kabisa, ile NGWA imeliza watoto wengi.

Fanyeni kwenye jiwe lenu, mapumziko, wiki mbili tatu, mtu asijue. Na chunga jambo moja: anakariri. Anaweza kukutajia vituo vyote kwa kuangalia herufi ya kwanza tu. Mtegee.

Kuhusu sauti, usiizime, iajiri. Kusoma kwa zamu mpe yeye kazi ya konda: anaonyesha nani anapanda na nani anashuka. Hatakuwa na sababu ya kuvuruga gari lake mwenyewe.

Chaki Nyeupe

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nawashukuru wote, hasa Bi Silabi, nimefuata neno kwa neno.

Mjomba nilimfuata kituoni. Hakunifukuza, ila alinisikiliza huku anaita abiria, kwa hiyo nilirudia kila sentensi mara mbili. Hakuwa anajua kwamba mtoto hasomi. Alisema, “Lakini mwalimu, huyu ndiye ananiambia gari gani inaelekea wapi.” Anazijua kwa rangi za mistari ubavuni. Tumekubaliana Jumamosi aende saa nane, asubuhi awe na kadi zake.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu, nisiwadanganye. Alikata kadi vizuri, akazipanga, akazisoma kama maji. Nikakumbuka onyo, nikachomeka kadi ya IGOGO katikati ya Nyakato na Kisesa. Akapiga, “Igoma!” bila kusita. Nikanyamaza tu. Akapiga “Kisesa,” akasimama, akarudi nyuma. Akaweka kidole kwenye silabi ya mwisho, akakitoa, akakiweka tena. “Igo... go.” Akaniangalia kwa hasira kabisa. “Mwalimu, hii siyo ya ruti hii! Hii Igogo, ya kule Mkuyuni!”

Ilibidi nigeukie ziwani kidogo.

Ukonda wa darasa alianza Jumatatu iliyopita. Anasimama mlangoni, anataja jina, “Panda,” mtoto anasoma, “Shusha,” anakaa. Kelele zimebaki, ila sasa zinasukuma somo. Mwenyewe bado hajasoma mbele ya wenzake. Sijamlazimisha.

Mama wa Buhongwa

Mwalimu, nimefuatilia kimyakimya. Sijakubali yote, heshima kwangu ni heshima. Lakini ile ya kuandika siku na kipindi nimeijaribu nyumbani. Wangu wa la tatu tumbo linamuuma kila Jumanne, nami nilikuwa namsukuma aende kwa ukali. Nimeomba ratiba. Jumanne kuna imla. Leo usiku nimekaa naye tumeandika maneno matano, kwa kunong'ona, baba yake amelala. Hizo kadi za maboksi unatumia kalamu gani?

Ruti ya Kisesa

Nimetumiwa huu uzi na abiria. Mimi ni konda, miaka tisa barabarani. Niliacha shule darasa la tano, na sababu ni hiyohiyo aliyonayo huyo dogo, basi tu hakuna aliyenikalisha kwenye jiwe. Kusoma nilijifunzia ukubwani, kwenye vibao.

Mwalimu, tunavyo vibao vya zamani vya kuweka kwenye kioo cha mbele, rangi imepauka tukabadilisha. Niambie tu kituo cha kuviacha, sihitaji kujua shule.

Chaki Nyeupe

Kaka yangu, nimevipokea vinne leo mchana kwa muuza matunda, Mungu akubariki wewe na gari lako.

Nilivisimamisha ukutani chini ya ubao kabla kengele haijalia. Watoto wameingia, Konda wa mwisho. Akavipitia vyote kimya, akachuchumaa mbele ya kile cha nne, ambacho herufi moja imefutika na jua. Darasa zima linamtazama. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, bila kutazama mtu: “Bu... o... ngwa.” Akageuka. “Mwalimu, hakuna Buongwa.”

Nikampa chaki.